Wasomaji Wanauliza: Kujichora Mwenyewe

Toleo lililopita lilikuwa na picha tatu ambazo Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alijichora, na barua zimemiminika tangu hapo. Tumechagua sita. Zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Salamu wahariri. Nimesoma kwamba Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi wa karne ya 19, alijichora mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Nyingi kati ya picha hizo alizichora Paris kati ya 1886 na 1888, na sababu kubwa ilikuwa fedha. Mtu wa kukaa ili achorwe hulipwa, naye hakuwa na cha kumlipa. Septemba 1888 alimwandikia mdogo wake, Theo, kwamba amenunua kioo kizuri kwa makusudi ili ajichore mwenyewe, maana amekosa mtu wa kumchora. Uso wake ulikuwa daftari la mazoezi: aliweka chungwa la ndevu kando ya buluu, akajaribu mistari mifupi ya brashi iliyosimama na iliyolala.

Yaliyomsibu yanaonekana zaidi baadaye. Tarehe 23 Desemba 1888, akiwa Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, alijikata sikio la kushoto, na Januari 1889 akajichora na bendeji. Kwenye picha bendeji iko kwenye sikio la kulia la aliyechorwa, kwa kuwa alichora alichokiona kwenye kioo. Tazama alichoamua. Angeweza kugeuza kichwa jeraha lisionekane, lakini amelielekeza kwetu. Amevaa koti zito na kofia ya manyoya, uso umetulia, na nyuma yake, kwenye ile picha iliyoko jumba la sanaa la Courtauld, London, kuna stendi ya kuchorea na picha ya Kijapani ukutani. Hakuchora kilio. Alichora mtu aliyeumia aliyerudi kazini. Kwa maoni yetu, siri ya moyo wa mchoraji itafutwe hapo kwanza, katika alichochagua kuonyesha na alichokiacha, kabla ya kukisia kutokana na macho au mdomo.

Habari za kazi. Nataka kujichora kila wiki kwa mwaka mzima, iwe kumbukumbu ya maisha yangu. Nianzeje? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Anza kwa kuhakikisha kwamba kila kitu kinabaki vilevile isipokuwa wewe. Ukibadilisha taa, kioo na kiti kila wiki, mwisho wa mwaka hutajua kama uso umezama kwa uchovu au kwa balbu.

Tafuta kioo bapa kisichopungua sentimita 30 kwa 40. Vile vyembamba vilivyogandishwa kwenye ubao uliopinda hudanganya. Kaa mbele yake, usogeze kichwa polepole kushoto na kulia; taya likivutika au likibonyea, kioo hicho hakifai. Kitundike wima, katikati yake ikiwa usawa wa macho. Kikiinama kidogo tu utaona matundu ya pua na kidevu kingi kuliko kawaida.

Kaa umbali wa sentimita 60. Sasa fumba jicho moja, na kwa kipande cha sabuni weka alama kwenye kioo juu kabisa ya kichwa na chini ya kidevu. Pima. Kichwa chenye urefu wa sentimita 23 kitatoa kama 11 na nusu, kwa sababu taswira kwenye uso wa kioo siku zote ni nusu ya kichwa chenyewe, ukikaa karibu au mbali. Wengi hupima macho kwa kipimo cha kioo kisha wakachora pua kwa kipimo cha uso halisi wanaoujua, na picha inaharibika hapo. Amua mapema: chora ukubwa huohuo wa kwenye kioo, au uuzidishe mara mbili, na usiyachanganye.

Mwanga uwe mmoja. Dirisha la ubavuni linafaa mradi jua lisiingie moja kwa moja. Chora saa ileile, tuseme saa tatu hadi saa nne asubuhi, kwa sababu kwetu jua hupanda haraka na kivuli cha pua huhama ukiwa bado unachonga penseli. Kama unatumia umeme, weka taa moja upande mmoja, juu kidogo ya kichwa, na uzime nyingine zote. Hakikisha mwanga huo unaifikia na karatasi. Karatasi ikiwa gizani utakosea kukadiria uzito wa vivuli, na kosa utaliona utakapoipeleka picha nje.

Bandika utepe sakafuni penye miguu ya kiti. Kisha weka nukta ndogo kwenye kioo mahali inapoangukia mboni ya jicho lako la kulia. Kila unapoinua macho kutoka kwenye karatasi, rudisha mboni kwenye nukta kabla ya kuchora chochote. Usipofanya hivyo kichwa kitateleza upana wa kidole bila wewe kujua, na jicho moja litatoka chini ya jingine. Hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote katika picha mnazotuletea.

Karatasi ya A3, penseli ya 2B na mkaa wa kuchorea vinatosha. Gawa kazi mara mbili, dakika 20 kila moja, upumzishe shingo katikati. Mstari wa macho uwe nusu ya urefu wa kichwa chote. Wanaoanza huyapandisha kwa sababu paji la uso na nywele huonekana havina kitu cha kuchora. Upana wa kichwa ni takriban macho matano.

Ukimaliza, andika nyuma tarehe, saa na jambo moja au mawili yaliyotokea. Usiandike "nilikuwa na huzuni". Andika "sijalala, mtoto ana homa, mvua tangu alfajiri". Huzuni ikiwemo, utaikuta kwenye mistari. Na usirekebishe picha ya wiki iliyopita, hata kama kosa linakukera.

Kwa nini kila nikijichora natoka nimekasirika, na mimi ni mtu wa kucheka? (Dada, Mombasa)

Kwa sababu unachora uso wa mtu anayepima. Ukikaza macho kukagua umbali wa pua na mdomo, nyusi hushuka na taya hubana, nawe unachora hayo kwa uaminifu. Nyuso nyingi za kujichora, za zamani na za sasa, zina ukali huo, na si haki kuuita hasira.

Anza na umbo la kichwa na vivuli vikubwa. Ukifika mdomoni, legeza taya, pumua, tazama mara moja, chora kwa kumbukumbu. Pembe za mdomo zikishuka milimita moja tu, hali ya uso mzima inabadilika. Jicho nalo lina mtego wake: kope la juu hufunika sehemu ya duara la rangi linaloizunguka mboni. Ukichora duara zima, utaonekana umeshtuka. Weupe wa jicho pia utie kivuli chepesi, hasa chini ya kope. Ukiuacha mweupe kama karatasi, jicho hutokeza.

Halafu fanya mazoezi ya makusudi. Mwaka 1630 Rembrandt alichonga kwenye bamba la shaba picha ndogo za uso wake, moja haifiki sentimita 6 kila upande, akiwa ametoa macho na kuacha mdomo wazi. Alikuwa kijana anayejifunza jinsi mshangao unavyovuta misuli ya uso. Nawe jichore ukicheka, katika vipande vidogo vya dakika tatu tatu, kwa sababu kicheko cha kushikilia hufa haraka usoni.

Ngozi yangu ni nyeusi. Nikitumia rangi nyeusi kwenye vivuli, uso unakuwa kama umepakwa masizi. Nifanyeje? (Msomaji, Kisumu)

Weka kando tyubu ya rangi nyeusi kwa miezi michache. Changanya amba ya kuchomwa, ile kahawia nzito, na buluu ya altramarini: utapata weusi wenye kina unaoweza kuupasha au kuupoza. Buluu ikizidi, kivuli kinapoa. Ongeza siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, kinapata joto la damu, hasa masikioni, puani na midomoni. Sehemu za katikati zipandishe kwa njano ya udongo kabla hujagusa nyeupe. Nyeupe ikiingia moja kwa moja kwenye kahawia hutoa kijivu cha chaki, na ndicho kinachofanya uso uonekane mgonjwa.

Mng'ao ndio utajiri wa ngozi nyeusi, usiupake nyeupe tupu. Huchukua rangi ya mwanga: penye dirisha, paji la uso na mfupa wa shavu hung'aa kwa ubuluu, penye balbu ya njano, kwa udongo mwepesi. Kama unatumia akriliki, kumbuka hukolea ikikauka. Paka kipande cha majaribio, subiri dakika 10, ndipo uamue.

Picha moja inatosha kujua yaliyomo moyoni mwa msanii? (Msomaji, Nairobi)

Haitoshi, na Rembrandt ni onyo. Mwaka 1656 alifilisika, mali zake zikapigwa mnada, na nyumba yake ya Amsterdam ikauzwa 1658. Mwaka huohuo alijichora amekaa kama mfalme, joho la rangi ya dhahabu, fimbo mkononi. Picha iko kwenye jumba la makumbusho la Frick Collection, New York. Asiyejua tarehe angesema huyu ni tajiri aliyestarehe. Ukizipanga na za miaka iliyotangulia na iliyofuata hadi alipofariki 1669, unaona ukaidi wa mtu aliyekataa kuchora hasara.

Mfululizo unasema zaidi. Helene Schjerfbeck, mchoraji wa Finland, aliyefariki Januari 1946, alijichora takriban mara 20 katika miaka yake miwili ya mwisho, rangi ikizidi kuwa nyembamba hadi uso ukakaribia fuvu. William Utermohlen, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, aligunduliwa kuwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, mwaka 1995, akaendelea kujichora hadi 2000. Viungo vya uso vinaachana picha baada ya picha. Hapo msomaji awe mwangalifu: sehemu ya tunachokiona ni hofu, sehemu ni ubongo uliopoteza uwezo wa kupima nafasi, na picha peke yake haitenganishi hivyo viwili.

Nina picha 14 za mkaa na zinaanza kuchafuka. Tena mume wangu ananishauri nichane zile mbaya. (Mama, Tanga)

Usichane hata moja. Siku mkono ulipokataa ni sehemu ya kumbukumbu.

Zipulizie dawa ya kugandisha mkaa ukiwa nje, umbali wa sentimita 30, mara mbili au tatu nyembamba, ukisubiri zikauke kila mara. Ukipuliza nyingi kwa pamoja, mkaa hulowa na kutengeneza madoa. Dawa ya nywele hugandisha pia, lakini baada ya muda karatasi hugeuka njano. Kati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea mikate. Gazeti lina asidi na wino wake huhamia. Zilaze bapa ndani ya boksi, juu ya rafu, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na mbali na ukuta wa nje kwa ajili ya unyevu. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hufungia unyevu ndani, na kwa joto la pwani ukungu huanza pembeni mwa karatasi. Zifungue mara moja kwa mwezi, siku kavu.