Umeniuliza kama utakuwa umeupoteza udaktari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kinondoni. Sisi hatujambo, na baba yako mgongo umeanza kumwachia. Umeniuliza: ukimaliza Muhimbili ukasomee afya ya jamii badala ya upasuaji, utakuwa umeupoteza udaktari wako? Hapana, mwanangu, na nitakwambia kwa nini.

William Foege, Mmarekani, alikuwa daktari wa misheni ya Kilutheri mashariki mwa Nigeria. Desemba 1966 ndui ilizuka huko Ogoja, na chanjo iliyokuwepo haikutosha. Kanuni ya siku zile ilitaka kuchanja angalau asilimia 80 ya watu. Angeitoa wapi? Yeye na wenzake wakawaomba wamisionari wenye redio za mawasiliano watume watu vijijini, kila mmoja eneo lake, waulize wapi kuna mgonjwa. Majibu yalipokuja wakachanja walioishi na wagonjwa, na majirani zao. Kisha wakajiuliza: ndugu wa hawa wako wapi? Huenda soko gani? Huko nako wakachanja mapema. Ndui ikakosa pa kwenda.

Hebu tazama maswali hayo. Ni yale yale ya kitandani: umeanza lini kuumwa, unaishi na nani, umetoka wapi. Sisi manesi tumeyauliza maisha yetu yote. Yeye aliyauliza kwa eneo zima, ndiyo maana sikubali mtu akikwambia hiyo ni kazi ya makaratasi.

Njia hiyo ilitumika hadi India, na yeye mwenyewe alikwenda. Mwaka 1977 mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, akawa mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imetokomezwa. Foege aliongoza CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuanzia 1977 hadi 1983, lakini mimi namheshimu zaidi kwa Ogoja kuliko kwa cheo hicho. Kovu la chanjo ile ninalo mkononi. Wewe hukuhitaji kuchanjwa.

Ila maliza kwanza mwaka wako wa mafunzo kwa vitendo, tena usikwepe zamu za usiku wodi ya watoto. Uone kwa macho yako kuhara kunavyomkausha mtoto kabla hujaanza kupanga dawa za mkoa mzima. Halafu chukua fomu. Baba yako bado anataka mpasuaji. Yeye niachie mimi.

Mama yako