Rejista ya seti za sarafu: tafuta kwanza sarafu yenye uzito

Mgeni wa mchezo huu wa kushindanisha seti za sarafu zilizosajiliwa hudhani anayeshinda ni mwenye sarafu zinazong'aa kuliko za wengine. Kwenye rejista za PCGS na NGC, kampuni mbili kubwa za Marekani zinazopima sarafu na kuzifungia ndani ya slabu za plastiki, nafasi yako hupangwa kwa hesabu, na anayeijua hesabu hutumia pesa kidogo kuliko asiyeijua.

Kipimo chao huanzia 1 hadi 70. Sarafu isiyopitia mikononi mwa watu huanzia MS60. Zilizotumika ziko chini ya hapo, na AU58 ndiyo iliyochakaa kidogo kabisa. Sarafu zilizopigwa maalumu kwa wakusanyaji huandikwa PR au PF. Mfumo wa PCGS huipa kila nafasi kwenye seti, yaani mahali pa sarafu moja, uzito wa hesabu, si wa mizani: mkubwa kwa sarafu adimu na mdogo kwa ya kawaida. Daraja huzidishwa kwa uzito, majibu yakajumlishwa, jumla ikagawanywa kwa uzito wa seti nzima, na nafasi iliyo wazi huhesabiwa sifuri. NGC hutumia njia nyingine: kila sarafu katika kila daraja ina pointi zake, na ngazi moja ya juu inaweza kuleta pointi chache au maelfu.

Chukua seti ya kubuni yenye nafasi tano, uzito 1, 1, 2, 3 na 5, jumla 12. Unazo tatu nyepesi kwa MS65, ya uzito wa 3 kwa MS62, na ya 5 huna. Hiyo ni 260 na 186, yaani 446. Gawanya kwa 12, unapata 37.17. Ukizipandisha zile tatu zote hadi MS67 umeongeza 0.67 tu, na huenda umelipa mara kadhaa ya bei ya mwanzo. Ukinunua ile ya uzito wa 5, hata kama imechakaa na ni AU50, unafika 58.00. Ndiyo maana ya kuanza na nzito: sarafu nyepesi zitakusubiri sokoni, nzito haitakusubiri.

Kabla ya kununua chochote fungua ukurasa wa seti unayoitaka, nakili nafasi zote na uzito wake, kisha andika bei ya karibuni mnadani mbele ya kila moja. Ukikuta sarafu moja imebeba zaidi ya nusu ya gharama na hutaimudu, chagua seti nyingine. Zile za Afrika Mashariki ya Kijerumani zimewatega wengi hapo. Heller, sarafu ndogo za koloni hilo, zilizopigwa Berlin na Hamburg zenye alama za kiwanda A na J, zinapatikana bila shida kubwa. Halafu unafika Tabora 1916, alama T, zilizopigwa wakati wa vita katika karakana ya reli. Heller 20 ipo ya shaba nyekundu na ya shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na zinki), na yapo matoleo yanayotofautiana kwa ukubwa wa taji na ncha za herufi L. Rupia 15 ya dhahabu yenye tembo ndiyo inayofunga mlango kwa wengi. Kwa heller 20 hakikisha toleo limeandikwa kwenye lebo ya slabu, maana mfumo husoma lebo, hauangalii picha. Ikiwa lebo haikutaja toleo, sarafu hiyo haitaingia kwenye nafasi inayodai toleo maalumu mpaka uirudishe na kulipia utambuzi.

Anayetaka kitu kidogo aangalie senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Kila moja ipo bila alama ya kiwanda, yenye H na yenye KN, kwa hiyo sarafu sita zinatosha. Kama seti unayoiwaza haimo kwenye rejista, omba iundwe. Maombi ya namna hiyo hupokelewa.

Ripoti ya idadi, ile inayoonyesha ni sarafu ngapi zimepewa daraja fulani, isomwe kwa tahadhari. Kwa sarafu za Marekani idadi huvimba, kwa sababu watu huvunja slabu na kuipeleka sarafu ileile tena wakitafuta namba ya juu. Kwa sarafu zetu mambo ni kinyume: idadi ya 1 mara nyingi haina maana ya uadimu, ila sarafu ni ya bei ndogo na hakuna aliyeona faida ya kulipia ada ya upimaji. Usilipe bei ya "pekee duniani" kwa shilingi ya kawaida. Wengine watano wakipeleka za kwao, upekee umekwisha.

Sasa upimaji wenyewe. Kinachowaangusha wengi ni neno "Details" kwenye lebo: sarafu ni halali lakini ina dosari, hivyo haipewi namba, na bila namba kwa kawaida haiingii kwenye seti ya ushindani. Pwani yetu sababu zinajulikana: sarafu imesuguliwa kwa ndimu na majivu, imetobolewa kuwa kidani, au imeng'olewa kwenye pete. (Tundu la katikati la senti 10 ni la asili, hilo halina kosa.) Pysa, sarafu ya shaba ya Zanzibar, ya Sultani Barghash ya 1299 Hijria inayong'aa kama sufuria mpya imesafishwa, usiinunue kwa mashindano. Shaba yenye rangi yake ya awali huandikwa RD, ya mchanganyiko RB, ya kahawia BN, na kahawia safi isiyoguswa ni bora kuliko nyekundu ya kulazimisha.

Utando wa kijani unaonata hutokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC. Huo unaweza kuondolewa kwa asetoni halisi, isiyo dawa ya kucha yenye manukato: iloweke sarafu kwenye bakuli la kioo, mbali na moto, kisha iache ikauke bila kuifuta. Ukisugua umeongeza mikwaruzo. Peleka sarafu kupimwa zikiwa kwenye mifuko migumu ya plastiki ya Mylar, moja moja, na uzishike kwa ukingo daima.

Aliye Dar es Salaam au Mombasa ajumlishe ada ya kila sarafu, usafiri wa kwenda na kurudi, bima na forodha. Kwa sarafu mbili tatu hesabu haikubali; jiungeni mpeleke pamoja, au nunua iliyokwisha kupimwa. PCGS wana ofisi Paris na NGC wana ofisi Ujerumani, kwa hiyo ndugu aliye Ulaya anaweza kukupunguzia safari.

PCGS hawapokei kwenye rejista yao sarafu iliyo kwenye slabu ya NGC. Ukiomba ihamishwe, andika daraja la chini unalolikubali. Isipolifikia hurudi ndani ya slabu yake ya zamani, ingawa ada unalipa.

Ukinunua iliyopimwa, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kulipa, ulinganishe picha na sarafu, si lebo peke yake, maana slabu bandia hubeba namba halali. Kisha muulize muuzaji kama bado ameisajili kwenye seti yake. Namba moja haikai kwa watu wawili. Asipoiachia utalazimika kuiombea kwa kampuni, na tarehe ya kufunga mashindano ya mwaka haitakungoja.