Barua kwa Yaya: Mwalimu anatembea chini ya mijakaranda, wifi yake amekasirika

*Jambo Yaya, dada yetu mkubwa. Mimi ni mwalimu wa masomo ya msingi, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, lakini nafundisha mjini, upande wa zamani wenye miti mikubwa. Mshahara wetu huja unapojisikia. Sasa Oktoba imefika na mijakaranda imefungua. Badala ya kupanda taksibisi mlangoni pa masomo, natembea kwanza avenyu nzima hadi kituo cha mbele, maua yamelala chini, na mengine yananidondokea kichwani. Nikiwa na franka, nanunua masuku, yale matunda ya porini, ya kula njiani. Nikifika nyumbani moyo ni mweupe. Juzi wifi yangu, tunayeishi naye, akaniambia mbele ya watoto: "Nyumba haina unga, wewe unaingia unatabasamu. Unacheka na nani huko?" Mume wangu alinyamaza. Yaya, ni haki kweli kufurahia vitu vidogo namna hii wakati shida ni kubwa? Na wewe mwenyewe, nini kinakuinua moyo? Mwalimu, Katuba.*

Mdogo wangu Mwalimu, aksanti kwa barua. Nianze na wifi yako, kwa sababu maua hayana kesi.

Swali la "unacheka na nani" halihusu unga. Bei ya mfuko wa unga anaijua kama unavyoijua wewe, na pengine yeye ndiye anayeusonga huo bukari (ugali) kila jioni wakati wewe uko njiani. Anachokiona ni kwamba kuna saa moja ya siku ambayo ni yako, na yeye hana ya kwake. Ukianza kumweleza uzuri wa jakaranda utamuumiza zaidi. Mchukue. Tafuta siku, mwambie unamhitaji akusaidie kubeba madaftari, mpitishe avenyu ileile, na mfuko wa masuku aushike yeye. Usiseme neno juu ya maua. Masuku yana ganda gumu na mbegu nyingi, mtu anayeyala hawezi kuendelea kununa vizuri. Akikataa kwenda, basi, umemwalika. Na mwendo wako unabaki wako.

Mume wako naye, kunyamaza kwake sikukupenda. Lakini hukuniuliza hilo.

Sasa haki. Huo mwendo wako haupunguzi hata kikombe kimoja cha unga nyumbani. Ungepanda taksibisi mlangoni, ukaingia umekunja uso, unga usingeongezeka. Nalisema wazi hivi kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba huzuni ni aina ya malipo: nikiteseka vya kutosha, Mungu ataona, au wakwe wataona, na mambo yatanyooka. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kuna nyakati treni hazikwenda na malipo hayakuja, akakaa barazani na fundo la funguo za kazi ambazo hazikufungua kitu. Lakini siku ya mpira alivaa ile fulana yake ya buluu na njano, akaenda kuitazama Lupopo, timu ya watu wa reli. Hakuna aliyethubutu kumuuliza unga uko wapi. Akirudi, hata kama tumefungwa, sauti yake ilikuwa imerudi pia.

Na kwa kuwa nimetaja mpira, niseme jambo ambalo litanigombanisha na ndugu zangu. Mimi ni wa Lupopo, nitazikwa wa Lupopo. Lakini Desemba 2010, Mazembe, wapinzani wetu wa mji huuhuu, ilipoifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bila kule Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu, nilimwona Kidiaba, golikipa mzima, mtu mwenye umri na familia, anaruka kwa makalio uwanjani, tup, tup, tup. Nilicheka hadi kanga ikanifunguka. Fainali walifungwa tatu na Inter Milan, na kwetu hilo nalo lilipokelewa vizuri. Lakini kwa zile tup, tup namheshimu Kidiaba hadi leo. Watoto wa mtaa wangu, ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile, wakifunga bao kwa mpira wa mifuko wanaruka vilevile kwenye vumbi, na mama zao wanapiga kelele juu ya kaptula.

Umeniuliza na mimi. Jumamosi napika munkoyo. Kwa wasomaji wa mbali wasioujua: ni kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi ya porini, na mizizi yenyewe utaikuta sokoni imefungwa mafungu, mikavu, rangi ya udongo. Naiponda kwenye kinu hadi inakuwa nyuzinyuzi, nailoweka. Kisha napika uji mzito, wa kung'ang'ania mwiko, nauepua kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Hapo kazi inayobaki ni kungoja, na hiyo ndiyo inayowashinda vijana. Ukitia mizizi uji ungali wa moto sana, mizizi inakufa nguvu na uji unabaki uji. Ukiuacha upoe kabisa, utasuasua hadi usiku. Mama yangu alipima kwa kidole: ukikichovya ukaweza kusema "jambo mama, jambo baba" bila kukitoa, tia mizizi. Nami napima hivyohivyo. Natia, nakoroga, na baada ya muda kidogo ule uji mzito unalegea, mwiko unaanza kuteleza, hatimaye unazunguka kama kwenye maji. Nikilamba, umekuwa mtamu, na sukari haijaingia hata chembe. Kijana wangu alipokuwa anasoma kemia alinieleza kwamba ndani ya mizizi kuna vimeng'enya vinavyoukata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari, na kwamba joto kali linaviua. Sawa. Alinieleza vizuri, na mshangao wangu haukupungua. Nasimama jikoni nacheka na sufuria.

Tunaufunika, tunaunywa kesho yake baada ya misa. Ukibaki siku mbili tatu unachacha, unaanza kupanda kichwani, na wajomba wanaanza kupita nyumbani kusalimia.

Kuna kingine, cha Juni na Julai. Watu wa pwani na wa Kinshasa hawaamini tukiwaambia Lubumbashi kuna baridi, lakini mji uko juu, kama mita 1,200 hivi, na asubuhi za kiangazi mtu anavuta pumzi na moshi unamtoka mdomoni. Saa moja na nusu jua linagusa ukuta wa jirani yangu. Tunatoka, wanawake wa mtaa, na vikwembe vimefunikwa mabegani, tunaegemea ukuta ule kuota jua. Hatuzungumzi mengi. Mmoja atasema habari ya mgonjwa, mwingine atakohoa. Jua likishafika magotini kila mtu anaenda kazini kwake. Ukinikosesha hilo, siku nzima nina kisirani.

Angalia sasa kwamba munkoyo una Jumamosi yake, jua la ukutani lina saa yake, na maua yako yana Oktoba, maana Novemba mvua ikishika yameisha. Mimi ndivyo ninavyotunza raha zangu: naziwekea saa, na saa hiyo siitoi hovyo. Mtu akinipigia simu Jumamosi wakati uji unapoa, simu inalia hadi inachoka. Zile orodha za "mambo hamsini ya kukufurahisha" ambazo watu wanatumiana kwenye simu sina imani nazo. Nimesoma moja iliyoniambia niwashe mshumaa niketi kimya. Hapa kwetu mshumaa tunauwasha kwa kuwa umeme umekatika, na wakati huo hakuna anayeketi kimya. Raha yenyewe ni umeme unaporudi, mtaa mzima unapolia "Eeeeh!" kwa pamoja, hata watu ambao hawasalimiani.

Neno moja la uzito, Mwalimu, na si kwako tu. Ikiwa kuna msomaji ambaye wiki zinapita, hapati usingizi, chakula hakina ladha, na vitu alivyovipenda havimgusi tena, huyo asiambiwe habari za maua wala munkoyo. Aende kituo cha afya aongee na mganga, na asiende peke yake.

*Yaya, mvua ya kwanza ikipiga udongo mkavu, ile harufu inanifurahisha hadi naacha daftari na kutoka nje. Kaka yangu anasema ni mazoea ya utoto tu, hakuna kitu pale. Ni kweli? Mwanafunzi, Kampemba.*

Kaka yako ana nusu ya ukweli, kama kaka wengi. Utoto umo, lakini kitu kipo. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kwamba mawe na udongo vikikaa juani muda mrefu hukusanya mafuta fulani, na unyevu ukija mafuta hayo huachia harufu. Juu ya hayo kuna vijidudu vya udongoni, vidogo visivyoonekana, vinavyotengeneza kitu kinachoitwa jeosmini. Hiyo ndiyo inayonuka udongo, na pua ya binadamu inaihisi hata ikiwa kidogo ajabu. Mwaka 2015 watafiti wa MIT, Marekani, walipiga picha za haraka sana za tone likianguka: linanasa viputo vya hewa kwenye udongo, viputo vinapanda na kupasuka juu ya tone, na vinarusha chembe hewani. Kwa hiyo mvua nyepesi inanusisha kuliko ile inayopiga kwa hasira. Jaribu uone. Huko India, mji wa Kannauj, wanaichemsha harufu hiyo kutoka kwenye udongo uliookwa na kuitia chupani, na watu wanajipaka kama manukato. Mwambie kaka yako hilo.

Mimi harufu ile hunikumbusha kwamba kumbikumbi wako njiani. Sisi nyumbani tuliwaita inswa. Ukitoka nje ya mji unaviona vile vichuguu vyetu vikubwa kuliko nyumba. Baada ya mvua za kwanza wanatoka humo kwa wingi, na jioni wanafuata taa. Weka beseni la maji chini ya taa, zima nyingine zote. Wanaingia wenyewe. Ukishawatoa mabawa, usitie mafuta kwenye sufuria, kwa sababu yao yanatosha. Chumvi tu, moto mdogo, na usiondoke hapo, wanaungua ukigeuka kumjibu mtu. Baadaye, kuanzia Desemba, ni zamu ya bowa, na akina mama wa barabara ya Kasenga watakaa na mabeseni yao ya uyoga, mwingine wenye kofia pana kuliko sahani. Huo wa kofia pana huota penye vichuguu vilevile. Lakini nunua kwa mama unayemfahamu. Uyoga haujaribiwi.

*Yaya, mimi nabeba makala (makaa ya kupikia) kwa kinga, yaani baiskeli, kutoka porini hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Juu ya mlima wa mwisho huwa nasimama, nakaa, nakula kitu, naangalia mji na lile bomba refu la kiwanda. Wenzangu wananicheka, eti napoteza muda. Sitaki ushauri juu ya wao. Nataka kujua chakula gani kizuri cha kula pale juu, kisicho na gharama, kisichoharibika njiani.*

Barua ya wiki, hii. Kalanga na ndizi mbivu, mdogo wangu. Kalanga kaanga mwenyewe usiku wa kuamkia safari: ziloweke kidogo kwenye maji yenye chumvi nyingi kuliko unavyodhani, zianike hadi zikauke, kisha zikaange ndani ya mchanga safi uliokwisha pata moto, ukikoroga bila kupumzika, ili ziive sawa pande zote. Chekecha mchanga utoke. Usizifunge kwenye plastiki zingali na joto, zitalegea. Tumia karatasi au kitambaa. Ndizi chagua ambayo ganda limeanza madoadoa meusi, hiyo ndiyo tamu, na iweke juu ya mfuko wa makala, kamwe si kando ya gurudumu. Kula zote mbili kwa pamoja, mkono huu na mkono huu.