Mtendaji alijua tangu ng'ombe walipoletwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, serikali ina haki ya kuingilia malezi ya mzazi kwa mwanawe?", nilitaka kulijibu kwa neno moja tu, hapana, kisha niendelee na shughuli zangu. Halikuniachia. Na kadiri ninavyolitafakari naona limeulizwa upande. Haki hiyo serikali inayo, imejiandikia yenyewe, imeigongea mhuri. Ninachotaka kujua mimi ni hiki: ikishaingia ndani ya nyumba inakaa mpaka lini, na ikitoka inaacha nini jikoni.

Hofu yangu haikuanza leo. Wengi wetu tumelelewa na watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, mwisho 1976, na zipo familia zilizopakiwa kwenye malori na kushushwa porini na watoto wao wachanga. Visiwani Zanzibar ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1970 mabinti wanne wa jamii ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Mapinduzi, na jamaa zao waliopinga wakatiwa ndani. Baba wa mtu alikuwa anasema hapana, serikali ikasema ndiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali ni mzazi wa wazazi, mwili hunisisimka.

Hayo ni ya zamani, mtasema. Basi niwape la juzi.

Baba mdogo wangu anaishi Shinyanga vijijini. Binti yake, mdogo wangu, alichelewa kuandikishwa shule, hivyo alifika darasa la saba akiwa na miaka 15. Kabla ya mtihani baba yake alimwambia wazi: ukiona swali, liache. Wa Kanda ya Ziwa mnaijua hii. Mtoto akifeli si mwanafunzi tena, na asipokuwa mwanafunzi, kile kifungo cha miaka 30 kilichoingizwa kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016, kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, hakimhusu mtu. Anarudi chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ambako msichana wa miaka 15 anaolewa na cheti anapewa, mradi baba ameridhia. Kufeli kwake kungefanya harusi iwe halali.

Bahati mbaya ya baba yake, akafaulu. Jina likabandikwa, amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya kata.

Posa ilikuwa imepokelewa zamani. Ng'ombe 12, na wanne kati yao walishaondoka kwenda kulipa mahari ya kaka yake binti. Mkitaka kumlaumu baba mdogo mlaumuni, ila mjue alikuwa hana cha kurudisha. Siku ng'ombe wale wanaletwa, mtendaji wa kijiji alikuwepo. Alikalia kiti cha kukunja chini ya mwembe, akanywa soda yetu, akawasifu madume. Hakuuliza bibi harusi ana miaka mingapi.

Januari shule zikafunguliwa. Mnajua kinachofuata: mkuu wa shule anahesabu walioripoti, majina ya ambao hawajafika yanapelekwa kata, kata inabanwa na wilaya, wilaya inabanwa na mkoa. Jina la mdogo wangu likashuka ngazi hizo zote mpaka likamfikia yuleyule wa soda. Sasa ikabidi ashtuke.

Alikuja siku ya harusi yenyewe, saa ya chakula, na mgambo wawili juu ya bodaboda moja. Wageni wamejaa, sufuria ziko motoni. Bwana harusi akakimbilia kwenye mabua akakamatwa. Baba mdogo hakukimbia. Alivuliwa mkanda na viatu mbele ya wakwe zake, na mmoja wa mgambo akaanza kuwaandika ng'ombe waliobaki kwa rangi: mweusi, mweusi mwenye baka, mwekundu. Ng'ombe walikuwa kidhibiti.

Hapa naomba mnivumilie, maana sehemu hii ndiyo hunirudia usiku. Kidhibiti kinatakiwa kitunzwe mpaka kesi iishe. Kituo cha polisi hakina zizi. Mtendaji hana zizi. Wakakabidhiwa mwenyekiti wa kijiji, naye mwenyekiti ana watu wake wazima lakini hakuna aliyetaka kuchunga ng'ombe wa kesi. Akawapa wajukuu zake. Watoto wawili wa shule ya msingi walikuwa wanakosa vipindi kwa zamu ili kuchunga ushahidi wa kosa la kumkosesha mtoto shule. Mwalimu wao akawaandika watoro. Kesi ikapigwa kalenda, ikapigwa tena, ng'ombe mmoja akazaa, na pakawa na mjadala mzito kama ndama naye ni kidhibiti. Nilicheka siku ile. Baadaye kicheko kiliniisha.

Kwa sababu huku baba mdogo yuko mahabusu, palizi ya pamba imefika, na mama mdogo yuko peke yake na watoto wadogo shambani. Mdogo wangu alipelekwa shule kweli, hilo siwezi kulikana, tena kwa gari la kata. Elimu haina ada tangu 2016, sawa, lakini sketi haikutoka serikalini wala daftari halikutoka serikalini. Shule iko mbali, kwa hiyo akapangishiwa chumba karibu na shule na wasichana wenzake, gheto kama wanavyoliita wenyewe, mlango wa bati usio na komeo la maana. Afisa ustawi wa jamii alimtembelea mara moja. Simlaumu, ana wilaya nzima na hana hata pikipiki. Wazee wa ukoo walimwita binti jina moja tu, aliyemfunga baba yake.

Siku ya ushahidi hakimu alimuuliza kama aliolewa au alikuwa karibu kuozwa. Akajibu hajui, labda ilikuwa sherehe tu ya familia. Kesi ikafa. Baba mdogo akarudi amekonda, bwana harusi akatokomea machimboni, na ng'ombe hadi leo kuna anayedai hawakurudi wote.

Niliwahi kumuuliza mdogo wangu, akiwa kidato cha pili, kama anaona serikali ilifanya vyema kuingia nyumbani kwao. Nilitegemea aniambie ndiyo au hapana. Akaniambia, "Dada, si angekuja jana yake? Alijua tangu ng'ombe walipoletwa."

Hadi kufika hapa nilikuwa nimekusudia kuhitimisha kwamba serikali ibaki nje ya mlango. Ushahidi wangu wote ulikuwa unaelekea huko: inajua kumnyang'anya mzazi haki, mzigo wa mzazi haiugusi. Lakini nikiwa naandika hii habari ya ridhaa ya baba, nimekwama, maana nimekwenda kukisoma tena kifungu cha 17 cha Sheria ya Ndoa. Kinasema ridhaa ni ya baba. Mama anapewa nafasi baba akiwa amekufa. Sasa mama mdogo wangu aliikataa harusi ile tangu siku ya posa. Alilia, alisusa kupika, alikwenda mpaka kwa mwalimu mkuu. Kwa sheria hiyo, kukataa kwake hakukuwa na uzito wowote ilhali mumewe anapumua.

Kwa hiyo tunaposema "serikali iwaachie wazazi", mzazi tunayemsema ni nani? Katika nyumba ile walikuwemo wazazi wawili na walitofautiana. Kukaa nje ya mlango kungekuwa ni kumuunga mkono mmoja, tena yule ambaye serikali yenyewe ilishamkabidhi rungu mwaka 1971. Mlango wenyewe ni wa serikali. Hili sikuliona nilipoanza barua hii.

Na wala tusiseme haijaambiwa. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe umri uwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka waliopewa ukapita, ukapita na mwingine. Baba mdogo alilala mahabusu kwa kutoitii sheria moja ya serikali, na serikali ikaachwa iendelee kulala juu ya amri ya mahakama kuhusu sheria nyingine. Ningependa kuona mgambo wawili kwenye bodaboda wakielekea Dodoma.

Basi jibu langu, Mhariri, ni ndiyo. Iingie. Kwenye ndoa ya mtoto na kwenye shule iingie hata kama baba amesimama mlangoni na panga, na isiangalie kama mtoto amefaulu au amefeli, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, haisemi lazima awe na namba ya mtihani. Lakini iingie mapema, siku ya ng'ombe na si siku ya pilau. Na ikimchukua baba, ijue nani atapalilia pamba wiki hiyo, ama sivyo imemwadhibu mama.

Kuhusu bakora, ambako najua ndiko mlikokuwa mnataka tufike, sina msimamo. Sheria ileile ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili na inaruhusu kumrudi mtoto kwa kiasi kinacholingana na umri na hali yake. Kiasi hicho anakipima nani, mtendaji? Huyu wa kwetu simpi kazi hiyo. Akihamishwa aje mwingine nitafikiria upya.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, kwa daraja ambalo hapendi nilitaje. Baba yake hakuhudhuria mahafali. Mama yake alikuja, na alikaa mstari wa mbele.