Kushikiza kwa Cherehani Mfarishi wa Viraka Unaoiga Miraba ya Kroshia

Wengi wanaoanza kushona mifarishi ya viraka huvutiwa mapema na ule unaoiga miraba ya kroshia, ambayo hufumwa kuanzia katikati, mzunguko kwa mzunguko, kila mmoja kwa rangi yake. Maelekezo ya kufuma mraba wa namna hiyo yalichapishwa Marekani mwaka 1885 katika jarida la Prairie Farmer, na mtindo huo umependwa sana kwa kuwa hutumia mabaki ya uzi. Katika kitambaa, hata hivyo, mizunguko huonekana kwa macho tu, kwa sababu cherehani hushona safu zilizonyooka.

Kwa kila mraba, kata viraka vya inchi 2.5 kila upande: kimoja cha katikati, vinne vya rangi ya pili, vinane vya rangi ya tatu, na 12 vya rangi iliyotulia ya kuzunguka nje. Vipange vyote 25 mezani kwa umbo la almasi kabla ya kushona chochote, kisha uviunge kwa safu za viraka 1, 3, 5, 7, 5, 3 na 1, ukiacha robo inchi ya ukingo. Mikunjo ya safu moja ipigwe pasi kuelekea kulia na ya safu inayofuata kuelekea kushoto, ili pembe zikutane sawasawa na mishono isirundikane mahali pamoja, kwa maana sindano itapita hapo tena wakati wa kushikiza, yaani kushona matabaka yote ya mfarishi pamoja.

Jambo ninalowasihi wanaoanza walizingatie kuliko yote ni kingo. Unapopunguza mraba huo na kuacha robo inchi nje ya ncha za viraka vya rangi ya tatu, unabaki na mraba wa takriban inchi 9 ambao pande zake zote nne zimekatwa kwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa hivyo huvutika kwa kuguswa tu. Tia wanga kabla ya kupunguza, usiburuze pasi bali uikandamize na kuinyanyua, na utenganishe miraba kwa mikanda iliyokatwa kufuata uzi ulionyooka wa kitambaa, kwa kuwa mikanda hiyo ndiyo itakayozuia mfarishi usipinde.

Kitambaa cha chini na tabaka la pamba vizidi sehemu ya juu, yaani miraba iliyokwisha kuunganishwa kwa mikanda, kwa inchi kama 4 kila upande. Tandaza kitambaa cha chini kikiwa kimekazwa bila kuvutwa, weka pamba, kisha sehemu ya juu, na upige bandi au uchome pini za kufunga kwa umbali usiozidi upana wa kiganja. Kazi hii inachosha mgongo, nami siamini kwamba ipo njia ya kuikwepa.

Kwa mishono ya kwanza tumia mguu wa cherehani wenye meno ya juu, unaosukuma matabaka yote kwa mwendo mmoja, na sindano namba 90. Anzia mkanda wa katikati na uelekee nje, ukipita kandokando ya mikanda yote, ili kila mraba ushikwe mahali pake kabla ya kupambwa. Baada ya hapo ndipo unapoweza kushusha meno ya cherehani, kufunga mguu wa kutarizia na kuchora petali au mawimbi kwa mikono yako. Mimi hupendelea mistari inayounganisha pembe za viraka, kwa sababu haihitaji kuchorwa kwa chaki wala haifuniki mizunguko ya rangi ambayo ndiyo sababu ya kuushona mfarishi huu. Soma pia karatasi ya maelezo iliyokuja na pamba uliyonunua, maana nyingi hutaja umbali wa juu unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono; ukiuzidisha, pamba hujikusanya mafungu baada ya kufuliwa.

Kila unapoanza mstari, vuta uzi wa bobini uje juu na uushike, la sivyo utajikunja fundo upande wa chini usikoonekana. Jaribu mkazo wa uzi kwenye kipande cha matabaka matatu yaleyale, kisha geuza na ukague chini: vitone vya uzi wa juu vikionekana huko, ongeza kidogo mkazo wa uzi wa juu na ujaribu tena kabla ya kuugusa mfarishi wenyewe.