Una grini kadi? Siasa fanya, kura subiri

Dada, nimekuelewa: umehamia Minneapolis juzi tu, una grini kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, bila uraia), unataka bima ya afya kwa wote, na Washington inakukatisha tamaa. Anzia mtaani. Baraza la jiji lina madiwani 13. Bajeti ya polisi, ujenzi wa nyumba na uzoaji taka hupitia pale. Diwani wangu nilimpata kwenye simu mara ya tatu, usichoke. Kumpigia mgombea debe nyumba kwa nyumba kwa kujitolea unaruhusiwa, hata kumchangia pesa zako mwenyewe.

Ila ukienda kuchukua leseni ya udereva, usikubali kuandikishwa kupiga kura! Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini. Kama umeshasaini, muone wakili wa uhamiaji kabla hujaomba uraia.