Kwa dada aliyeshindwa kusali tangu amzike mwanawe
Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama kushindwa kusali tangu umzike mwanao ni kukosa imani. Naamini sivyo hata kidogo. Zaburi ya 88 huanza kwa kumlilia Mungu na kuishia gizani bila jibu, na bado imo katika Biblia. Yesu mwenyewe alitokwa na machozi kwenye msiba wa Lazaro. Nilipofiwa na mume wangu, akina mama wa jumuiya walikuja kila Alhamisi, wakakaa nami mkekani na kusali kwa niaba yangu, huku nikikunjakunja tu pindo la khanga. Waruhusu wenzako wakubebe hivyo, na usingizi ukiendelea kukupotea, mwone pia daktari.